Namba Si Ahadi: Mhadhara kwa Watazamaji wa Anga

Asanteni, kaeni. Naona wa safu ya mbele wameshaanza kutabasamu, maana wanajua nitakachosema. Nitakisema hivyo hivyo. Kila inapotangazwa nyotamkia itakayopita karibu na Jua, sisi wapenzi wa anga ndio tunaokuwa wa kwanza kusambaza namba. Itang'aa kuliko Zuhura! Itaonekana mchana! Majirani wanaweka tarehe, watoto wanaahidiwa, siku inafika, watu wanakodoa macho, hakuna kitu. Hapo nani anaonekana mwongo? Si nyotamkia.

Mambo ya barafu na vumbi, na mkia kuelekea mbali na Jua, mnayajua. Twende kwenye ISON, nyotamkia ya mwaka 2013. Ndiyo, tena ISON. Nitaacha kuisimulia siku tutakapoacha kuirudia.

Septemba 21, 2012, Vitali Nevski na Artyom Novichonok, wakitumia darubini ya kioo cha sentimita 40 karibu na Kislovodsk, Urusi, walinasa nukta hafifu iliyokuwa bado ng'ambo ya mzingo wa sayari ya Mshtarii. Hesabu za njia yake zikapigwa: Novemba 28, 2013 itapita takriban kilomita milioni 1.2 juu ya uso wa Jua. Na siku hiyo ikapita palepale. Kwa hiyo kuhusu njia sina neno, mvutano haudanganyi. Ugomvi wangu ni mtu aliyeuchukua mwangaza wa ile nukta, akaupandisha kwa fomula mpaka siku ya periheli, yaani siku ya kulikaribia Jua zaidi, akapata namba inayoushinda mwezi mpevu. Namba ile ilipotoka ilikuwa na masharti chungu nzima. Ilipofika magazetini masharti yote yalikuwa yameshadondoka njiani, imebaki "nyotamkia ya karne".

Fomula yenyewe haina kosa. Inachukulia tu kwamba nyotamkia itaendelea kung'aa kwa mwendo ilioanza nao. Sasa ISON ilikuwa inatoka Wingu la Oort, ghala la nyotamkia lililo mbali kabisa pembezoni mwa mfumo wa Jua, inakuja kwetu kwa mara ya kwanza. Nyotamkia ngeni za namna hiyo hubeba barafu nyepesi nyepesi, kama ya kaboni dioksidi, ambazo huanza kugeuka gesi zikiwa bado mbali sana na Jua. Ni mkimbiaji wa mbio ndefu anayetimka mita mia za kwanza, nasi uwanjani tunamkabidhi kombe. Mwaka 2013 ISON ilisuasua miezi na miezi, na wachunguzi makini walisema. Nani aliwasikiliza?

Ikafika Novemba 28. Ambao hamkuwepo, fahamuni kwamba hakuna aliyekuwa anatazama angani. Tulikuwa tunatazama skrini. SOHO, chombo cha angani kinachochunguza Jua, kinakaa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, upande wa Jua, na kamera zake hulifunika Jua kwa kisahani ili mwanga hafifu wa pembeni uonekane. Picha ya kamera pana hupakwa rangi ya buluu, na juu ya kisahani kumechorwa duara jeupe kuonyesha Jua lilipo. Tukaiona ISON ikiingia kutoka chini upande wa kulia, kichwa kinang'aa, mkia nyuma. Ikafikia mwangaza wa takriban -2, kwa kile kipimo ambacho namba ikishuka mwangaza unapanda. Halafu, saa chache kabla ya periheli, kichwa kikaanza kunyauka. Kikachongoka kama ncha ya sindano, na ncha ile ikafifia ikielekea kwenye kisahani. Chombo kingine cha kuchunguza Jua, SDO, kilielekezwa mahali ilipotakiwa kupita. Hakikuona kitu. Matanga yakatangazwa.

Kisha upande wa pili likachomoza doa, limepanuka kama upepeo wa mkononi. Kelele! Imefufuka! Na hapa ndipo ninapowashangaa wenzangu: watu walewale, saa ileile, wakaanza upya kukadiria Desemba itakuwaje. Doa lile lilikuwa vumbi. Siku chache likatawanyika, na darubini ya Hubble ilipotafuta katikati ya Desemba haikupata hata chembe ya kuonekana.

Kidogo nitoke njiani. Kitu kikiwa king'avu kupita kiasi kwenye picha za SOHO, hutokeza mistari miwili ya kulala, kushoto na kulia, imenyooka kabisa. Zuhura inayo, Mshtarii inayo, nyotamkia kubwa zinayo. Ni umeme umefurika kwenye kihisi cha kamera. Si mabawa, si chombo cha wageni kutoka sayari nyingine. Nimelijibu hili hadi nimechoka, na najua mapumziko yakianza kuna mtu atanionyesha simu yake.

Turudi. Kuna anayesema moyoni: mzee, bila kelele nani atakuja kutazama? Swali zuri, na jibu lake ni nyotamkia Kohoutek. Iligunduliwa mapema 1973, nayo ingali mbali, ikapigiwa hesabu ileile, ikatangazwa vilevile. Meli ya abiria iliondoka New York Desemba hiyo imebeba watu waliolipa nauli ili waione, na mbingu ikafunga mawingu. Ilipopita periheli Desemba 28 ikawa nyotamkia ya kadiri tu. Kwa sayansi ilifaa sana, maana wanaanga wa Skylab, kituo cha anga cha Marekani, waliichunguza wakiwa juu kabisa ya angahewa. Kwa umma ikawa kichekesho. Haya, miaka miwili baadaye ikaja nyotamkia West. Periheli Februari 25, 1976, na mwanzoni mwa Machi, kabla ya alfajiri, ikasimamisha mkia mpana uliotanda kama feni, mojawapo ya nyotamkia nzuri za karne ile. Magazeti yakainyamazia, yalikuwa yameshaungua kwa Kohoutek. Watu wengi wakalala hadi kumekucha, na ile inapaa juu ya paa zao. Kwa hiyo usiniambie kelele huleta watu. Zilileta watu mara moja, halafu zikawafukuza siku iliyostahili.

Mwingine atasema basi tutangulize matanga, tuseme zote zitakufa. Hapana! Huo ni ugonjwa uleule, umegeuza kanzu tu. Nyotamkia Lovejoy ya 2011, iliyogunduliwa na Terry Lovejoy wa Australia, mtazamaji wa kujitolea kama ninyi, ilipita kilomita 140,000 hivi juu ya uso wa Jua Desemba 16. Ilikuwa imeshazikwa na kila mtu. Ikatoka upande wa pili. Kiini chake kikavunjika siku moja au mbili baadaye, lakini mkia ukabaki, na watu wa kusini mwa dunia wakautazama alfajiri za mwisho wa Desemba. Mkia mrefu usio na kichwa. Na nyotamkia Tsuchinshan-ATLAS je? Julai 2024 ilichapishwa hoja ya kitaalamu kwamba haina budi kusambaratika. Septemba 27 ikapita periheli salama, na Oktoba mkaiona wenyewe. Mwezi huohuo, tarehe 28, nyotamkia nyingine yenye jina la ATLAS, ile ya S1, ikayeyukia mlangoni mwa Jua. Moja imesomewa dua ya maiti ikaishi, nyingine imepambiwa sherehe ikafa.

Basi tusemeje? Sema ulichokiona. Andika tarehe, saa, chombo ulichotumia, na nyota ulizolinganisha nazo. Hilo hakuna fomula inayoweza kukunyang'anya. Na asiye na darubini afungue picha za SOHO: nyotamkia zaidi ya 5,000 zimepatikana humo, nyingi kwa macho ya watu wa kujitolea, na sehemu kubwa ni za ukoo wa Kreutz, vipande vya nyotamkia moja ya zamani. Ukoo huo ulistahili saa nzima, lakini mwenyekiti ananionyesha saa yake.

Haraka basi, la macho. Siku ya periheli yenyewe nyotamkia iko ubavuni mwa Jua, hata ikiwa kali imezama katika mwanga. Siku za kabla na za baada ndizo zenye faida, chini kabisa kwenye upeo wa macho. Usiinue binokula Jua likiwa bado juu ya upeo, hata kama unaamini umelikwepa. Kulilenga kwa bahati mbaya mara moja kunatosha kupofuka. Mwaka 1965 watu waliiona nyotamkia Ikeya-Seki mchana kwa kuliziba Jua. Ukitaka kujaribu, tumia macho matupu, usimame kivulini mwa jengo, upande ambao Jua linazidi kujificha nyuma yake, si ule linakotokea. Na miwani ya kupatwa kwa Jua waachieni wanaotazama kupatwa: ukiivaa, nyotamkia inazimika kabisa.