Swichi Inayokula Volti: Namna ya Kupima Swichi ya Betri Katika Ndege za Rimoti

Ndugu wanachama, swichi hii niliyoishika ni ndogo kuliko kidole gumba, na ndiyo iliyonipeleka kuokota ndege yangu vipande vipande katika shamba la mahindi. Nilipofika nyumbani niliipima kama tulivyozoea wengi wetu, yaani kwa kusikiliza mlio wa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme ambacho hulia njia ya umeme ikiwa imeunganika, nayo multimita ikalia vizuri kabisa. Nikaiachia swichi, nikalaumu kipokezi, yaani kifaa kilicho ndani ya ndege kinachopokea amri za rimoti, kisha betri, na nusura nimlaumu jirani aliyekuwa akirusha ndege yake kando yangu. Wiki mbili zilipita kabla sijatambua kwamba nilikuwa nimeiuliza swichi swali lisilo lake.

Mlio ule hueleza kwamba njia ya umeme ipo, lakini hauelezi kama njia hiyo inabeba mzigo. Unapopima hivyo, mkondo unaopita ni wa miliampea tu, ilhali angani, unapoinua ndege ghafla kutoka kwenye mzamo na sevo nne au tano, yaani mota ndogo zinazosogeza mabawa na usukani, zikavuta kwa pamoja, mkondo unaweza kufika ampea 5. Chukulia kwamba viguso vya ndani, yaani vipande vya metali vinavyogusana swichi inapowashwa, vimechakaa hadi vikawa na ukinzani wa omu 0.2, kiasi kidogo ambacho hata nyaya za multimita yenyewe huweza kuwa nacho. Omu 0.2 mara ampea 5 ni volti 1 nzima iliyoliwa na swichi. Betri ya seli 4 za nikeli, ambayo kwa jina ni ya volti 4.8 lakini chini ya mzigo huo imeshashuka yenyewe hadi 4.5 hivi, inabaki kukipa kipokezi volti 3.5, na hapo ndipo vipokezi vingi vya kisasa, vya gigahezi 2.4, huelekea kuzimika.

Waliorusha kwa redio za megahezi 35 au 72 watasema kwamba swichi za namna hii walizitumia miaka mingi bila taabu, na ni kweli. Kipokezi cha zamani umeme ukipungua kilibabaika kidogo, kisha kikaendelea. Cha sasa ni kompyuta ndogo, na kompyuta ikizimika haina budi kuwaka upya na kuitafuta tena rimoti yake. Ndege iendayo kilomita 90 kwa saa hukata mita 25 kila sekunde. Sekunde tatu za kusubiri ni mita 75, na ndege yangu siku ile haikuwa na mita 75 chini yake.

Kwa hiyo tuipime swichi ikiwa imebebeshwa mzigo. Mimi hutumia balbu ya taa ya mbele ya gari, ya volti 12 na wati 55, ambayo kila gereji huitupa ukiungua uzi mmoja tu kati ya nyuzi zake mbili. Ukiiwasha kwa volti 4.8 huvuta karibu ampea 3, na mwanga wake mwekundu hautakuumiza macho. Unganisha betri, swichi na balbu, kisha weka ncha moja ya multimita pale waya chanya unapoingia kwenye swichi na nyingine pale unapotokea. Unachosoma hapo ni volti zilizopotea ndani ya swichi peke yake. Nikiona sehemu chache tu za mia za volti moja, naridhika, ikizidi volti 0.1, swichi hiyo hairuki tena na ndege yangu. Halafu, na hapa ndipo penye siri, igonge swichi kwa mpini wa bisibisi na kuzichezesha nyaya zake huku ukiitazama balbu. Multimita ya kawaida husoma mara mbili tatu kwa sekunde, kwa hiyo kukatika kwa kitambo kidogo huipita bila kukiona, lakini balbu itakonyeza.

Rudia kipimo hicho upande wa waya hasi, ambao wengi huusahau. Kwenye betri za zamani za nikeli-kadmiamu waya mweusi huwa na maradhi yake: shaba ya ndani huliwa na kugeuka nyeusi, na ukiukata haushiki risasi ya kulehemu hata kidogo. Hapo swichi haina kosa.

Kwa ndege za umeme nina neno moja tu. Swichi ndogo iliyo kwenye kidhibiti mwendo, yaani kifaa kinachoongoza kasi ya mota, kwa kawaida hukata umeme wa kipokezi, haikati betri kubwa, kwa hiyo usiweke mkono mbele ya rafadha kwa kuitegemea.

Kijana mmoja ameuliza kama swichi iliyochafuka inaweza kufunguliwa na kusafishwa. Hii yangu niliifungua. Ndani mna kipande cha shaba kinachosukumwa na springi ndogo juu ya vidole vinne, na rangi ya fedha iliyopakwa juu yake ilikuwa imekwanguka pale katikati hadi ikaonekana manjano chini yake. Juu ya mkwaruzo huo palikuwa na ute mweusi, mchanganyiko wa unga wa metali na mafuta ya nyonyo, ambayo huchanganywa katika mafuta ya injini hizi ndogo, yaliyotoka kwenye ekzosi, kwa sababu niliifunga swichi upande uleule wa ekzosi, tena imebana kwenye ubao bila mpira wa kuzuia mtetemo wa injini. Niliipulizia dawa ya kusafishia viguso, nikaifunga, nikaipima: 0.04. Nikaigonga mara kumi kwa bisibisi, nikaipima tena: 0.31. Sasa naitumia kwenye taa ya meza ya kazi, na swichi mpya nimeihamishia upande wa pili.