Nusu sila ya mafuta kwa kila mtoto

Haya ndugu zangu, tuketi, mliosimama kule nyuma viti vipo huku mbele, msiogope sichapi mtu. Mada ni uhamisho wa Babeli, yaani watu wa Yuda walipobebwa mateka, hukumu na rehema, na najua wengi tumezoea kufundishwa kwamba kwanza Mungu anachapa, halafu hasira zikipoa ndo anabembeleza. Leo naomba nibishe kidogo, maana mimi nikisoma naona rehema imo ndani ya msafara uleule wa mateka.

Mchukueni Yehoyakini, mfalme wa Yuda. Yekonia, Konia, ni huyohuyo, Biblia inambadilishia majina mpaka unachoka. Kijana wa miaka 18, katawala miezi 3, Nebukadreza mfalme wa Babeli akauzingira mji wa Yerusalemu, mwaka 597 KK hiyo, kijana akatoka mwenyewe na mama yake na wake zake na watumishi wake, wakabebwa Babeli. Miezi 3 jamani! Hata kiti hakijapata joto. Na nabii Yeremia alishamsema vibaya, someni sura ya 22, Mungu anasema hata ungekuwa pete ya muhuri mkononi mwangu wa kuume ningekung'oa, halafu chini kidogo, andikeni huyu mtu hana watoto.

Sasa hapo msije mkasema hakuzaa, mstari huohuo unautaja uzao wake, maana yake ni kwamba hakuna mtoto wake atakayekaa kwenye kiti cha Daudi. Na kweli hakukaa hata mmoja. Hukumu ilisimama, sitaki mtu atoke hapa anasema Mungu alighairi. Yerusalemu ilichomwa mwaka 586 KK na hekalu lake, Sedekia, ami yake aliyewekwa mfalme baada yake, akachinjiwa wanawe mbele ya macho yake huko Ribla, ndipo akatobolewa macho. Hiyo habari siwezi kuitia sukari.

Ila kuna kitu kimoja mimi huwa kinanishika. Wajerumani walichimba Babeli kuanzia 1899, kwenye jumba la Nebukadreza wakaokota vibao vya udongo, yaani ni daftari za stoo tu, nani kapewa mafuta kiasi gani, na vikakaa mpaka 1939 ndo msomi mmoja Ernst Weidner akavitangaza. Kimoja ni cha mwaka 592 KK. Mle ndani Yehoyakini yumo, na wanamuita mfalme wa Yuda, mateka huyo! Kisha wanaandika, wana watano wa mfalme wa Yuda, mafuta sila 2 na nusu. Sila ni kama lita hivi, pungufu kidogo. Pigeni hesabu wenyewe, nusu sila kila mtoto.

Mnaiona hiyo? Huku Yerusalemu nabii kaambiwa aandike hana watoto, kule Babeli karani wa stoo, mtu wa miungu mingine kabisa, anawahesabu mmoja mmoja na kuwapimia mafuta. Nusu sila si utajiri. Lakini miaka 5 tangu wabebwe watoto wapo hai na wanakula, na hao ndo watu walewale waliopelekewa barua na Yeremia, jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, zaeni. Huwezi kumwambia mtu unayetaka aangamie apande bustani.

Baadaye mambo yaligeuka tena, maana tunamkuta jela, miaka 37 tangu atoke kwao, Nebukadreza kafa, mwanawe Evil-merodaki anamtoa. Kijana sasa ni mzee wa miaka 55. Anavuliwa nguo za kifungo, anawekwa mezani, na Biblia inasema akapewa posho ya daima, kila siku sehemu yake. (Siyo posho ya semina, msicheke.) Nyumbani hakurudi, alifia hukohuko. Kitabu cha Wafalme kinaishia hapo, mtu anakula kwenye meza ya watu waliomchomea mji.

Sasa mwenye simu afungue Hagai, mstari wa mwisho kabisa wa kitabu, 2:23. Ni mwaka 520 KK, mateka wamesharudi, liwali wa Yuda ni Zerubabeli, na huyu Zerubabeli ni mjukuu wa Yehoyakini. Mfalme siyo, ni liwali tu chini ya Waajemi, kiti bado hakuna. Soma kwa sauti dada, anafanywa kama nini? ... Rudia wasikie na kule nyuma. Eeh, pete yenye muhuri.