Bakteria wa Puani Hupenyaje Hadi Mapafuni?

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Humu ukumbini yumkini yupo mwenye bakteria wa nimonia puani, naye ni mzima wa afya. Streptococcus pneumoniae huishi nyuma ya pua, hasa za watoto wadogo, kwa majuma bila kumdhuru mtu. Kwa hiyo usiku wa leo siulizi bakteria ametoka wapi. Nauliza ni nini kilichompisha.

Njia ya hewa imetandwa kamasi. Chini yake zipo seli zenye silia, vinyweleo vidogo mno vinavyopiga mara 10 au zaidi kwa sekunde, vikiisukuma kamasi na vyote ilivyonasa kuelekea kooni, nasi tunameza bila habari. Seli zenyewe zimebanana ubavu kwa ubavu kwa protini maalumu. Si ukuta wa kupenya kirahisi.

Bakteria wa kifaduro wala hajisumbui kuupenya. Hujishikiza kwenye silia, kisha hutoa sumu inayoziua seli zenye silia hizo. Silia zikishakufa, kamasi haina wa kuiondoa ila kikohozi. Ndiyo sababu mojawapo mtoto huendelea kukohoa kwa majuma hata dawa ikishawaua bakteria.

Wa nimonia ana njia zake. Ganda lake la sukari humsaidia kuteleza asinaswe na kamasi. Akiifikia seli, hulipunguza ili ashike vizuri. Sumu yake, nimolisini, hutoboa utando wa seli. Wengine hupita katikati ya seli na seli, wengine humezwa na seli na kutokea upande wa pili, kwenye damu. Na huko, ajabu, hana anachovuna: puani angemfikia mtu mwingine kwa chafya, ndani ya damu hamfikii yeyote. Mimi naona ni ajali kuliko uvamizi.

Ajali hiyo mara nyingi huandaliwa na mwingine. Moshi wa sigara hudhoofisha silia. Virusi vya influenza hufanya zaidi: huua seli za juu na kuacha pamechubuka, mahali bakteria hushika kwa wepesi. Tishu za mapafu zilizohifadhiwa tangu janga la influenza la 1918 zilipochunguzwa upya, wengi wa marehemu walionekana kuwa na nimonia ya bakteria juu ya influenza. Basi anayechanjwa dhidi ya influenza anajikinga pia na bakteria ambaye chanjo hiyo haimgusi kabisa.

Haya, maswali.