Jinsi ya kupima kama shamba lako la kando ya ziwa linatuamisha maji

Mwangaluka ndugu zangu, karibuni tena. Leo siko kitaluni, niko bondeni huku Magu. Ziwa lile pale, nyuma ya mafunjo. Huyu mama mwenye shamba amekuja kwangu kutaka miche 60 ya papai. Nimemwambia mama, pesa yako kaa nayo kwanza, tukachimbe.

Vifaa ni vichache: chepe, panga, ndoo ya lita 20 yenye maji, rula na kijiti. Simu anashika mdogo wangu.

Kabla hujachimba, angalia juu. Geuza simu upande wa kilima. Mnaona mawe yale makubwa ya Mwanza tuliyoyazoea? Chini ya mawe unakuta mchanga, Wasukuma tunauita luseni, unalimika hata kwa jembe bovu. Ukizidi kushuka udongo unabadilika, na ukifika huku tambarare ndiyo mbuga yenyewe, huu udongo mweusi wa mfinyanzi. Mvua za miaka na miaka zimeshusha chembe ndogo kabisa hadi hapa, pamoja na chokaa iliyoyeyuka kutoka juu. Chembe moja ya mfinyanzi haifiki hata milimita 0.002, yaani gawa milimita moja mara elfu, uchukue sehemu mbili tu. Zikishikana hizo, maji yapite wapi?

Sasa angalia chini. Nyufa hizi, vidole vyangu vitatu vinaingia. Mbuga ikilowa inavimba, ikikauka inasinyaa na kupasuka. Zishike akilini hizi nyufa, nitazirudia.

Shimo la kwanza tunachimba hapa juu karibu na njia. Upana futi moja, kina sentimita 60. Kuchimba mnakujua, tunaruka.

Haya, tumefika. Ngoja nitoe bonge moja la kutoka chini nilikate kwa panga. Sogea, sogea karibu, mwanga uingie. Mnaona rangi? Juu ni nyeusi, huku chini ni kijivu, na ndani ya kijivu kuna vistari vya rangi ya kutu, vyembamba kama uzi. Hapa ndipo ninapoupenda udongo huu. Udongo una chuma. Palipo na hewa chuma kinapata kutu, udongo unakuwa mwekundu au wa kahawia. Maji yakituama muda mrefu hewa inaisha, kutu inayeyuka, udongo unabaki kijivu. Vistari hivi ni njia za mizizi ya mpunga wa zamani. Mpunga unashusha hewa kwa ndani ya shina mpaka mizizini, na kidogo inavuja pembeni, basi kutu inajipanga kuzunguka mzizi. Mzizi umeoza, alama yake imebaki. Ukiona kijivu chenye madoa ya kutu ndani ya sentimita 50 za juu, jua maji hukaa hapo kila mwaka, hata kama leo pamekauka.

Lowesha kidogo kidogo kiganjani, finyanga, halafu sukuma kwa dole gumba utoe utepe. Huu wangu unapita sentimita 5 bila kukatika. Mfinyanzi mtupu.

Sasa tulieni, hapa ndipo penye kazi. Msimwage maji mkapima hapo hapo. Narudia: maji ya kwanza hayapimwi. Mwaka wangu wa pili wa kitalu nilipima shamba la mteja mwezi wa 9, udongo mkavu. Nikamwaga ndoo, maji yakaisha ndani ya dakika chache, nikamwambia shamba lako zuri, panda. Yale maji yalikuwa yameingia kwenye nyufa tu. Akapanda mipapai 40. Masika ilipokuja udongo ukavimba, nyufa zikafunga, maji yakakaa. Majani yakaanza manjano, shina likalainika pale linapoingia udongoni. Mpapai hauvumilii, siku mbili tatu mizizi ikiwa ndani ya maji zinatosha kuuua. Nilimrudishia pesa yake ya miche, lakini msimu wake sikuwa na namna ya kuurudisha. Nimeumia nao mpaka leo, ndiyo maana natengeneza video hii.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza kwaruza kuta za shimo kwa ncha ya panga. Chepe likipita kwenye mfinyanzi wenye unyevu linaupaka kama plasta, unang'aa, maji hayapenyi, utapata jibu baya la uongo. Kwaruza pande zote na chini. Kisha jaza shimo maji, yaache yazame. Jaza tena jioni. Acha lilale. Udongo unywe, uvimbe, nyufa zifunge. Kesho asubuhi ndipo unajaza mara ya tatu, unachomeka kijiti, unaweka alama, unaangalia saa. Nyufa zikiwa kubwa kama hizi, mimi nafanya siku mbili. Usiogope kuchelewa, papai lako utakaa nalo miaka.

Tukiwa tunasubiri, tushuke shimo la pili, karibu na mafunjo. Tumehesabu hatua kutoka ufukweni, maana sheria ya mazingira ya 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60, na sisi tuko mbali zaidi ya hapo. Huku udongo ni laini, unachimbika vizuri... subiri. Subiri, usizime. Leta simu huku chini. Mnaona kona ile? Maji yanaingia yenyewe. Sijamwaga hata tone. Tuko sentimita 45 tu na... rudi nyuma mdogo wangu, ukuta unamomonyoka! Umeanguka. Simu ipo salama? Haya.

Basi shimo hili limejijibu. Maji yakiingia yenyewe kutoka chini hakuna cha kupima, hiyo ni meza ya maji, yaani maji ya chini ya ardhi, imepanda pamoja na ziwa. Weka rula, andika kina, funika shimo ng'ombe wasivunjike miguu. Na harufu hii, video haiwezi kuwafikishia, ni ya yai viza. Ni salfa, inatokea udongo ukikosa hewa kabisa. Mama anasema 2020 maji yalifika hapa yakakaa miezi. Namwamini, mwezi wa 5 mwaka ule ziwa lilipita hata rekodi ya 1964.

Wengine mnaniandikia kutoka Pwani, mna mashamba ya mfinyanzi karibu na mikoko. Vipimo hivi vitawafaa, ila ninyi mna chumvi ya bahari, sisi ziwa letu ni maji baridi. Na tope la mikoko lenye harufu hii msilikaushe kwa mitaro, salfa yake ikikutana na hewa inageuka tindikali, haitaota hata nyasi.

Haya, leo ni siku ya tatu, saa moja asubuhi. Shikamoo mama. Shimo la juu tulilijaza juzi mara mbili, jana mara mbili. Nimejaza sasa hivi, alama hii hapa.

Saa mbili asubuhi, saa moja imepita. Maji yameshuka milimita 4. Nne! Juzi, udongo ukiwa mkavu, ndoo nzima ya kwanza iliisha tukiwa bado tunaongea. Kwa papai mimi nataka yashuke angalau sentimita 2 na nusu kwa saa.

Kwa hiyo mama, papai hapa sikuuzii. Hili ni shamba la mpunga, na ni zuri hasa: inua kingo, gawa majaruba, maji yanayoua papai ndiyo mpunga unayotaka. Kule juu kwenye luseni, nyuma ya nyumba, nimeona nafasi ya mipapai kama 15. Pale nitachimba shimo moja kesho kutwa, tulijaze jioni, na asubuhi yake nije na rula.