Waya mwekundu, waya mweusi: mitambo ya kijeshi ya kusimba laini za data

Ndugu wasikilizaji, itifaki imezingatiwa, basi tuingie moja kwa moja kwenye mtambo wenyewe.

Kisimbaji cha laini ni sanduku linalokaa kati ya vitu viwili. Upande mmoja kuna teleprinta, kompyuta au ruta, inayotoa maneno yanayosomeka. Upande wa pili kuna modemu, redio au mtambo wa setilaiti. Yanayoingia yanasomeka, yanayotoka ni vurugu ya 0 na 1. Kwenye kituo cha mbali kuna sanduku pacha linalorudisha vurugu ile kuwa maneno. Sanduku halijali kama inayopita ni barua, picha au salamu, maana kazi yake ni kusimba kila biti inayolifikia.

Wengi wakisikia "ya kijeshi" hudhani nguvu yote iko kwenye hesabu iliyomo ndani. Hesabu ina uzito wake. Lakini katika visa nitakavyovitaja leo siri ilivujia kwingine: kwenye ufunguo uliotumika mara mbili, kwenye waya uliopita karibu na waya mwingine, na kwenye mkono wa mtu aliyekabidhiwa funguo azitunze. Ndiyo maana mtambo wa kijeshi hutofautiana na programu ya kawaida hasa katika mambo hayo matatu.

Hesabu ya msingi ni nyepesi. Mwaka 1917 Gilbert Vernam, mhandisi wa kampuni ya simu ya AT&T huko Marekani, alibuni njia ya kusimba teleprinta. Kila herufi ya teleprinta ina biti 5. Chukua biti ya herufi na biti ya ufunguo: zikilingana andika 0, zikitofautiana andika 1. Herufi A ni 11000. Tuseme ufunguo wa nafasi hiyo ni 10011, ambao ni B. Matokeo ni 01011, yaani G, na G ndiyo inayopita kwenye waya. Upande wa pili wanachukua G, wanairudia hesabu ileile kwa B, na A inarudi. Mitambo mingi ya karne ya 20 imejengwa juu ya hesabu hii hii. Kinachotofautiana ni namna ya kutengeneza mkondo wa ufunguo, yaani zile biti zinazochanganywa na ujumbe.

Sasa tazameni hatari yake. Ukisimba ujumbe miwili kwa mkondo uleule, adui akazichanganya jumbe zote mbili fiche alizonasa, ufunguo unajifuta. Anabaki na ujumbe mmoja uliochanganywa na mwingine, na hapo mtu mwenye subira na anayeijua lugha husika anaweza kuzitenganisha kwa kubahatisha neno baada ya neno.

Tarehe 30 Agosti 1941 jambo hilo lilitokea kwa mtambo wa Kijerumani wa Lorenz, wenye magurudumu 12, uliosimba laini za teleprinta za makao makuu ya jeshi. Karani aliyekuwa Athens alituma Vienna ujumbe wa karibu herufi 4,000. Haukupokelewa vizuri, akaombwa aurudie. Akarudisha magurudumu mahali palepale pa kuanzia, akatuma tena viashiria vilevile 12 vya kuonyesha magurudumu yaanzie wapi, HQIBPEXEZMUG, kisha akaupiga ujumbe upya kwa mkono. Mara ya pili alifupisha: badala ya SPRUCHNUMMER, yaani namba ya ujumbe, akaandika SPRUCHNR. Angeurudia ujumbe herufi kwa herufi, Waingereza waliokuwa wakisikiliza wangekuwa na nakala mbili za kitu kimoja zisizowafaa kitu. Kwa kuufupisha aliwapa ujumbe miwili tofauti chini ya ufunguo mmoja. John Tiltman wa Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kuvunja misimbo, alizitenganisha, akabaki na mkondo mrefu wa ufunguo mtupu. Mwanahisabati Bill Tutte akaukalia mkondo huo, akagundua mzunguko unaojirudia kila herufi 41, na kutoka hapo umbo la mtambo mzima likaanza kujitokeza. Hakuwa ameuona. Kompyuta ya Colossus, iliyoanza kazi Bletchley mwanzoni mwa 1944, ilijengwa kwa ajili ya kuvunja jumbe za mtambo huo.

Ukilielewa kosa la Athens, utaelewa kwa nini KW-26 ilijengwa ilivyojengwa. Huu ni mtambo ulioendelezwa na NSA, shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani, katika miaka ya 1950, na vilitengenezwa zaidi ya 14,000. Kila kimoja kilikuwa na viini vya sumaku zaidi ya 800 na kilijaza zaidi kidogo ya nusu ya raki, yaani kabati la chuma la mitambo. Ufunguo wa siku ulikuwa kadi yenye matundu. Ukifungua kifuniko cha kisoma kadi, kisu cha ndani kinaikata kadi vipande viwili. Karani hawezi kurudia ufunguo hata akitaka, hata akichoka, hata mkubwa wake akimwamuru. Ni ubunifu mzuri mno, kwa sababu ulihamisha nidhamu kutoka kichwani mwa mtu na kuiweka kwenye chuma.

Tena KW-26 haikunyamaza. Hata pasipokuwa na ujumbe, laini iliendelea kutema biti zilizosimbwa saa 24. Anayesikiliza hawezi kujua kama kituo kimepata kazi nyingi ghafla usiku wa kuamkia shambulio, na kuongezeka kwa ujumbe peke yake ni habari kubwa kwa adui, hata asiposoma neno moja.

Tuje kwenye waya. Katika fani hii kila kitu kinachobeba maneno yanayosomeka huitwa chekundu, na kila kinachobeba yaliyosimbwa huitwa cheusi. Kisimbaji ndicho mpaka, na vyote viwili vinakutana ndani yake. Mwaka 1943 mhandisi wa maabara ya Bell ya Marekani alikuwa akijaribu kichanganyio cha teleprinta kiitwacho 131-B2. Akaona osiloskopu, chombo kinachoonyesha mawimbi ya umeme, iliyokuwa sehemu nyingine ya maabara ikiruka kila mtambo unapopiga herufi. Alipochunguza akakuta miruko ile inabeba ujumbe wenyewe, kabla haujasimbwa. Jeshi lilisita kuamini. Wahandisi wakaweka vyombo kwenye jengo lililo ng'ambo ya mtaa wa Varick, New York, kiasi cha futi 80 kutoka kituo cha siri cha jeshi, wakarekodi kwa takriban saa moja. Baada ya saa 3 au 4 wakaleta karibu robo tatu ya yaliyopita kituoni humo. Hesabu ya usimbaji haikuguswa hata kidogo. Rilei, yaani swichi za umeme za mtambo, zilikuwa zikitoa mshtuko wa umeme kila zinapofunga na kufungua.

Bell walipendekeza tiba tatu ambazo bado zinatumika: kuziba kwa chuma, kuchuja umeme unaotoka, na kufunika ishara kwa chakacha, yaani kelele za umeme. Kwa fundi anayefunga kituo leo, maana yake ni hii. Kebo nyekundu na nyeusi zisilale kwenye mfereji mmoja. Zikilazimika kukutana, zikatane kwa pembe mraba. Vifaa vyekundu vipate umeme kupitia kichujio. Upande mweusi, faiba ni bora kuliko shaba, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme uliovuja. Na jihadharini na jozi za waya zisizotumika. Waya wa simu ya zamani uliosahaulika ukutani, unaopita nyuma ya raki nyekundu na kutoka nje ya jengo, ni antena iliyokamilika. Ung'oeni.

Sasa ufunguo. Kwa miongo mingi ulifika kituoni kama utepe wa karatasi wenye matundu, ndani ya kopo la plastiki linalotoa utepe lakini halikubali kuurudisha. Unavuta kipande cha siku, unakipitisha kwenye kisoma utepe cha KOI-18, ambacho hakihifadhi chochote. Unakivuta kwa mkono, kwa mwendo mmoja usiokatika. Ukisita katikati au utepe ukikunjamana, usomaji unakataliwa na unaanza upya. Kutoka hapo ufunguo huingia moja kwa moja mtamboni, au kwenye KYK-13, kikopo cha mkononi chenye vyumba 6 vya funguo. Betri ya KYK-13 ndiyo inayoshikilia funguo, kwa hiyo ikidhoofika njiani, fundi anafika kituoni na vyumba vitupu.

Mitambo iliyofuata, KG-84 ya miaka ya 1980 na KIV-7 iliyoirithi kwa umbo dogo zaidi, iliweza kufikia kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde na kuzidi. Huku makosa mengi si ya siri, ni ya saa. Visanduku viwili lazima viende sambamba biti kwa biti. Tuseme laini ni ya biti 64,000 kwa sekunde, na fundi kila upande amekiweka kisanduku kitumie saa yake ya ndani. Saa hizo zikipishana sehemu 20 tu kwa milioni, tofauti ni biti 1.28 kila sekunde. Yaani kabla sekunde moja haijatimia, upande mmoja umeteleza biti moja, na kuanzia hapo kila kitu ni takataka hadi vilandanishwe upya. Dawa ni kuwa na saa moja tu kwenye laini nzima: modemu ya upande mmoja itoe saa, wengine wote waifuate. Kwenye setilaiti ongeza bafa, yaani hifadhi ya muda ya biti, kwa sababu setilaiti husogea kidogo angani na biti hufika mara mapema, mara zikiwa zimechelewa.

Saa mbaya na ufunguo mbaya vyote hutoa takataka, ila unaweza kuvitofautisha. Ufunguo ukiwa si wenyewe, takataka huanza tangu biti ya kwanza. Saa ikiwa mbaya, laini huanza safi kila baada ya kulandanishwa, kisha huharibika, tena karibu kwa muda uleule kila mara. Pima hivyo kabla hujaomba ufunguo mpya.

Kosa jingine linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mtandao wenye vituo vya nchi nyingi kwa kawaida hubadili ufunguo saa 6 usiku ya Greenwich, ambayo kwetu ni saa 9 usiku. Karani anayefuata kalenda ya ukutani ataweka ufunguo wa kesho saa 6 usiku ya hapa, na laini itakufa kwa saa 3. Andikeni saa zote mbili juu ya mtambo.

Kwenye redio ya masafa ya juu, yenye chakacha nyingi, kuna uchaguzi mgumu. Katika usimbaji wa mkondo wa kawaida, biti moja ikiharibika njiani inaharibu biti moja tu, lakini biti moja ikipotea mawasiliano yanakufa. Njia nyingine hujilandanisha yenyewe, kwa kuwa ufunguo wake hutokana na biti fiche zilizotangulia. Mathalani msimbo wa AES unaorudisha biti fiche moja moja kutengeneza ufunguo: biti 128 zikipita salama, vituo vimelandana tena bila mtu kugusa kitu. Gharama yake ni kwamba kosa moja hutia doa biti 128 zinazofuata, na karibu nusu yake hugeuka. Laini yenye kosa 1 kwa kila biti 1,000 inakuwa na makosa kama 6 kwa kila 100. Kama hamna msimbo wa kusahihisha makosa upande mweusi, msiichague njia hii.

Siku hizi laini nyingi ni za IP, mfumo wa pakiti unaotumiwa na intaneti, na visimbaji kama KG-175 TACLANE husimba pakiti badala ya waya mzima. Tatizo linalowasumbua mafundi hapa ni ukubwa wa pakiti. Kwa IPsec, mfumo wa kawaida wa kusimba pakiti za IP, yenye msimbo wa AES-GCM, kichwa kipya ni baiti 20, kichwa cha usimbaji (ESP) 8, kianzio 8, mkia 2 pamoja na kijazio kidogo, na muhuri wa uthibitisho 16, jumla 54 na kitu. Pakiti ya baiti 1,500 haipiti tena. Ruta nyeusi ingetaka kurudisha taarifa kwamba pakiti ni kubwa, lakini mpaka wa nyekundu na nyeusi umejengwa kusudi usipitishe taarifa hizo. Dalili yake ni hii: pingi ndogo, yaani ujumbe mfupi wa kupima laini, inajibu, ila faili linaganda. Punguza ukubwa hadi 1,400 upande mwekundu, mambo yatanyooka.

Nimalizie kwa mkono wa mtu. Tarehe 23 Januari 1968 Korea Kaskazini iliiteka meli ya Marekani USS Pueblo ikiwa na visimbaji, KW-7 mojawapo. Mabaharia walipiga mitambo kwa nyundo na kuchoma makaratasi, muda haukuwatosha. Mtambo pekee usingewafaa sana watekaji, kwani KW-7 bila ufunguo wa siku haisomi kitu. Lakini John Walker, afisa wa mawasiliano wa jeshi la majini la Marekani, alikuwa ameshaanza kuwauzia Wasovieti orodha za funguo, na aliendelea na mtandao wake hadi alipokamatwa Mei 1985. Ndiyo sababu ufunguo wa elektroniki ulipopatikana haukuachwa usomeke mkononi mwa karani, na KIV-7 ikapewa ufunguo wa kuwashia unaochomolewa na kukaa mbali na mtambo.

Kwa hiyo kituo kikivamiwa, utaratibu ni ufunguo kwanza, chuma baadaye. Geuzeni swichi ya kufuta kwenye kila mtambo, chomoeni ufunguo wa kuwashia, choma utepe uliobaki pamoja na kopo lake. Kwenye KYK-13 pelekeni swichi kwenye Z, chagueni kufuta vyumba vyote, bonyezeni. Halafu rudisheni kwenye nafasi ya kukagua, mpitie chumba cha 1 hadi cha 6, mkibonyeza kila kimoja. Taa ikimweka, humo bado mna ufunguo.