Butiaba baada ya meli

Wazee wetu, akina mama wa mwalo, vijana, shikamooni na hamjambo.

Ukiuliza historia ya Butiaba, mwalo wetu huu wa Ziwa Albert nchini Uganda, utasimuliwa meli. Ni kweli Robert Coryndon, meli ya mwaka 1930, ilikuwa fahari ya ziwa hili. Mizigo na abiria walitoka Masindi Port kwa gari, wakashuka ukingo wa bonde la ufa mpaka gatini, wakavuka hadi Mahagi upande wa Kongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ziwa likafura, bandari ikamezwa, na mwaka 1964 meli ikazama papa hapa. Wengi wanaishia hapo, kana kwamba na watu walizama.

Wagungu, wenyeji wa hapa, walikuwa wakivua kabla Mwingereza Samuel Baker hajafika mwaka 1864 na kuliita ziwa Albert, jina la marehemu mume wa malkia wake. Lilikuwa na jina: Mwitanzige, muuaji wa nzige. Waaluri wakaja, Wakongo wakaja, na Kiswahili hiki tukajifunza mtumbwini kuliko darasani.

Mimi historia yetu naiona kwenye muziri. Utotoni nilisikia wakubwa wakisifu samaki wakubwa tu: mputa, yaani sangara, na ngege, yaani perege. Muziri alikuwa kidagaa cha kudharauliwa. Leo ndiye anayelipa karo. Usiku taa za wavuvi hutanda majini kama mji. Asubuhi mama humwaga muziri mchangani, akawageuza taratibu kwa ufagio, jicho lake likiwa kwenye milima ya Kongo. Wingu likianza kule, anapiga kelele, na mwalo mzima unakimbia na mabeseni, hata yule waliyegombana naye jana kwa wateja. Muziri akinyeshewa hauzwi tena kwa chakula cha watu; anakwenda kuwa chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa.

Mwaka 2006 mafuta yalipopatikana upande wa Kaiso-Tonya, kisima kiliitwa Mputa, na kingine baadaye kikaitwa Ngassa, naye ni samaki wa ziwa hili. Samaki wetu wamo kwenye ramani za mafuta. Majina ya waliowavua hayajaandikwa popote, na hilo linaniuma.

Mwaka 2020 maji yalirudi, tukahama tena. Bibi aliyekaa pale nyuma alinionyesha leo asubuhi mahali nyumba ya baba yake iliposimama. Sasa panafungwa mitumbwi. Bibi, karibu mbele, utusimulie mwenyewe.