Meza ya Mwandishi na Mlango Wake

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo?

Nilipoalikwa niliambiwa nizungumzie meza za waandishi. Nikacheka, maana meza yangu ya kwanza ilikuwa cherehani ya mama. Ukishalaza kichwa cha mashine ndani na kurudisha kifuniko, unapata pa kuweka daftari. Udogo wake haukunisumbua. Kilichonisumbua ni hodi. Mteja akibisha, mama anaitika karibu, nami nakusanya karatasi zangu mbio huku sentensi ikiwa nusu. Tangu siku zile, nikisoma habari za waandishi na mahali walipofanyia kazi, meza naipita. Nautafuta mlango.

Jane Austen, kwa mfano. Kuanzia 1809 aliishi na mama yake na dada yake kijijini Chawton, Uingereza. Kimeza chake kimehifadhiwa kwenye nyumba ile mpaka leo: cha mbao ya jozi, pande 12, kidogo utadhani ni cha kuwekea kikombe cha chai. Mtoto wa kaka yake alikuja kusimulia kwamba mlango mmoja wa nyumba ile ulikuwa ukilia kila ukifunguliwa, na shangazi akakataa usirekebishwe. Mlio ule ulimpa muda wa kuficha karatasi kabla mtu hajaingia. Wenziwe walisikia kero. Yeye alikuwa na mlinzi asiyelipwa mshahara.

Marcel Proust kule Paris alifanya kinyume: kuta za chumba chake alizifunika kwa koki, ile ya vizibo vya chupa, asisikie mtaa, akaandika akiwa kitandani. Naye Roald Dahl, ambaye kabla ya vita alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya mafuta ya Shell hapa hapa Dar es Salaam, alijenga kibanda bustanini kwake, kijijini Great Missenden, Uingereza. Meza hakuitumia. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa cha mama yake, amekitoboa sehemu ya mgongo kwa ajili ya maumivu aliyoyapata ndege yake ilipoanguka jangwani mwaka 1940, na mapajani ameweka ubao uliovikwa kitambaa cha kijani. Penseli sita, karatasi za manjano. Pembeni yake alikuwa na kipande cha mfupa wa nyonga yake mwenyewe, kilichotolewa kwa upasuaji. Kila mtu na mapambo yake! Ila watoto wake walijua kwamba kibandani hakuingiliwi.

Virginia Woolf aliandika mwaka 1929 kwamba mwanamke anayetaka kutunga hadithi ahitaji fedha na chumba chake mwenyewe. Sina ubishi naye. Lakini kwetu hodi haikataliwi, ndiyo maana mafundi wa nyumba za pwani wakaweka baraza nje: mgeni anakaribishwa, anakaa, anapewa kahawa, na ndani bado ni ndani.

Sasa mtazameni Mwana Kupona wa Pate, mwaka 1858. Anaumwa, mwaka mzima. Utenzi wake unaanza kwa kumwita binti yake asogee, akae, na wino na karatasi. Hapo hapafungwi mlango kabisa. Anayeingia chumbani ndiye msomaji mwenyewe, tena ameshika kalamu. Kwangu mimi hiyo ndiyo ofisi ya mwandishi iliyo nzuri kuliko zote nilizozitaja.

Halafu upo mlango ambao mwandishi hana ufunguo wake. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka uliouliza Kenya inakwenda wapi. Mashairi aliyoyatunga kifungoni, mengine juu ya karatasi za chooni, yakachapishwa mwaka 1973. Ngũgĩ wa Thiong'o naye, akiwa gereza la Kamiti mwaka 1978, aliandika riwaya nzima ya Kigĩkũyũ kwenye karatasi hizo hizo. Zilikuwa ngumu za kukwaruza, mateso kwa mfungwa, lakini kalamu ilizipenda. Siku moja askari walipekua chumba wakamnyang'anya mswada. Ukarudishwa baadaye. Siwapendi wanaosimulia habari hizi kana kwamba gereza ni chuo cha uandishi. Fikirini zile siku kabla mswada haujarudi, mtu amekaa ndani ya kuta nne, anasikiliza hatua za buti ukumbini.

Mmoja wenu aliniuliza pale nje kama mama alijua nilichokuwa nikiandika. Kusoma hakujua. Ila nakumbuka alasiri moja mteja alibisha, nami nikaanza kukusanya karatasi. Mama akanionyesha mkono nitulie, akapaza sauti: "Karibu hapo barazani, dada yangu. Ngoja kidogo, mashine ina kazi."